Rimu na Matairi ya Gari la Spoti: Anza na Tairi, Rimu Itafuata

Maswali ni yale yale kila mara. "Rimu za inchi 19 zitaingia kwenye gari langu?" "Ofseti 35 ni sawa?" "Nimepata rimu kali za 5x112, gari langu ni 5x114.3, fundi anasema zinaingia, nifunge?" Mara nyingi anayeuliza ameshalipa, au yuko dukani na hela mkononi. Mwongozo huu ni wa kusoma kabla hujafika hapo.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kinachogusa lami ni tairi. Sehemu ya kila tairi inayokanyaga chini ni ndogo, inakaribia ukubwa wa kiganja cha mkono, na nguvu yote ya breki, ya kona na ya injini inapita hapo. Kazi ya rimu ni kulishika tairi hilo vizuri na kuziachia breki nafasi. Kwa hiyo tunachagua tairi kwanza, halafu tunatafuta rimu inayolifaa. Wengi hufanya kinyume: wanapenda rimu kwa sura, wanazinunua, hela inaisha, kisha wanazivisha matairi ya bei ya chini kuliko yote sokoni. Gari linapendeza likiwa limeegeshwa, lakini breki zake zinakuwa mbaya kuliko siku lilipotoka kiwandani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kitabu cha gari, na ile lebo ya matairi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha mafuta.
- Jeki, stendi za kuegemeza gari na spana ya magurudumu. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.
- Spana ya toki, yaani ile inayopima nguvu ya kukaza.
- Rula ndefu iliyonyooka, futi ya kupimia, na kama unaweza kupata, kalipa ya kupimia milimita.
- Kipimo cha upepo unachokiamini. Vile vya mashine za vituoni hutofautiana sana.
- Kalamu na karatasi, au simu.
- Bajeti iliyogawanywa tayari. Tenga hela ya matairi pembeni na usiiguse unapotafuta rimu. Weka na akiba ya nati, pete za katikati (za kujaza nafasi kati ya rimu na gari), balansi na alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu. Ukisahau hivyo vidogo, vitakudai siku ya kufunga.

Hatua ya 1: Andika namba za gari lako

Mali bila daftari hupotea bila habari. Vua gurudumu moja la mbele na moja la nyuma, ugeuze rimu na usome maandishi yaliyochongwa upande wa ndani. Utakuta kitu kama 17x7J ET48. Maana yake ni kipenyo cha inchi 17, upana wa inchi 7, na ofseti ya milimita 48.

Namba unazotaka kuwa nazo ni hizi: kipenyo, upana, ofseti, mpangilio wa matundu ya nati, kipenyo cha tundu la kati, ukubwa wa uzi wa nati au bolti, na maandishi yote ya tairi. Kwa mfano, Toyota GT86 yenye rimu za inchi 17 ina 17x7 ET48, matundu 5x100 (matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100), tundu la kati milimita 56.1, nati za M12x1.25 (uzi wa kipenyo cha milimita 12, mzunguko mmoja ukisogea milimita 1.25), na tairi 215/45R17 87W. Nitaitumia gari hii kama mfano mpaka mwisho kwa sababu namba zake zinaeleweka kirahisi. Wewe weka za gari lako.

Onyo: usichukue namba za gari la rafiki yako eti kwa kuwa ni jina moja. Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, cha pili na cha nne ina matundu 4x100, lakini ya kizazi cha tatu ina 5x114.3. BMW nyingi za zamani ni 5x120, mpya nyingi ni 5x112. Na kama ulinunua gari likiwa limetumika, huenda rimu zilizopo si za kiwandani. Linganisha na lebo ya mlangoni.

Hatua ya 2: Sema ukweli kuhusu matumizi

Jiulize gari linafanya nini kwa wiki ya kawaida, si kwa ile siku moja unayoiota. Linakwenda kazini kila siku? Linapita kwenye mashimo na matuta? Mvua ni nyingi? Kuna baridi ya chini ya nyuzi 7? Linaingia uwanja wa mbio, na likiingia, linakwenda kwa matairi yake au unabeba mengine?

Andika jibu kwa sentensi moja. "Gari la kila siku, barabara mbovu kiasi, mvua nyingi, uwanjani mara chache." Sentensi hiyo itakulinda dukani kuliko ushauri wowote.

Hatua ya 3: Chagua tairi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Soma kwanza maandishi. Kwenye 225/45R17 91W, 225 ni upana kwa milimita. 45 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia 45 ya upana huo. R ni muundo wa nyuzi za ndani, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 ni uwezo wa mzigo, ambao ni kilo 615 kwa tairi moja. W ni mwendo wa juu, kilomita 270 kwa saa. Ngazi nyingine utakazokutana nazo ni H kwa 210, V kwa 240, na Y kwa 300. Namba ya mzigo na herufi ya mwendo za tairi jipya zisiwe chini ya zile za kiwandani, hata kama hujawahi kukimbia hivyo. Tairi la daraja la chini hupata joto haraka likibanwa.

Aina za matairi kwa gari la spoti nazigawa hivi:

*Tairi la spoti la barabarani.* Michelin Pilot Sport 4S na Continental SportContact 7 ni mifano. Linashika vizuri kukiwa kukavu na kukiwa na maji, na linadumu kwa kiasi. Wasomaji tisa kati ya kumi wanaoniuliza, jibu lao liko hapa.

*Tairi la karibu na mashindano.* Michelin Pilot Sport Cup 2 na Yokohama Advan Neova AD09 ziko kundi hili. Linashika sana likishapata joto, lakini lina kelele na linakwisha mapema. Mengi ya kundi hili yana mifereji michache, kwa hiyo barabara ikituama maji, matairi haya yanaelea haraka. Ukiwa na gari moja tu na unaishi penye mvua nyingi, liache.

*Tairi la misimu yote la daraja la spoti.* Ni la mwenye gari moja anayekutana na baridi. Mpira wa tairi la kiangazi hugumu halijoto ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na kwenye baridi ya kuganda baadhi ya matairi haya huweza kupasuka ukiliendesha gari. Penye theluji ya kweli, nunua seti ya pili ya matairi ya baridi.

Angalia pia namba iliyo karibu na neno TREADWEAR ubavuni mwa tairi. Kubwa maana yake tairi linadumu zaidi, ndogo kwa kawaida maana yake mpira ni laini na unashika zaidi. Tairi la 300 na la 200 hutofautiana sana maisha. Ila namba hiyo huwekwa na mtengenezaji mwenyewe, hivyo inafaa zaidi kulinganisha matairi ya kampuni moja kuliko ya kampuni mbili.

Kisha tafuta umri. Baada ya herufi DOT kuna mfuatano wa alama, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2423 ni wiki ya 24 ya mwaka 2023. Huenda zimeandikwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo geuza. Tairi "jipya" lililokaa stoo miaka mitano mimi silinunui, hata likipunguzwa bei. Na tairi la mtumba kwa gari la spoti sishauri kabisa: huwezi kuona kwa macho kama nyuzi za ndani ziliumia kwenye shimo.

Usidhani mpira mpana ndio bora daima. Toyota walipoiuza GT86 waliivisha Michelin Primacy HP, tairi lililokuwa likifungwa pia kwenye baadhi ya Prius. Walitaka gari lichezeke kwa mwendo wa kawaida, dereva ahisi linapoanza kuteleza. Ukilivisha gari jepesi lenye nguvu ya wastani tairi pana mno, linakuwa zito usukanini, linakula mafuta zaidi, na furaha inahamia kwenye mwendo ambao barabarani huruhusiwi kuufikia. Ongeza milimita 10, labda 20. Zaidi ya hapo uwe na sababu unayoweza kuieleza.

Hatua ya 4: Kipenyo cha rimu, na hesabu ya gurudumu zima

Kanuni yangu: chukua kipenyo kidogo kuliko vyote kinachopita juu ya breki zako na chenye matairi mazuri ya kuchagua. Rimu ikikua ubavu wa tairi hupungua, na ubavu ndio unaolinda rimu kwenye shimo. Pia uzito unasogea mbali na katikati, injini na breki zinafanya kazi zaidi kuuzungusha na kuusimamisha.

Kitu kisichobadilika sana ni kipenyo cha gurudumu zima likiwa na tairi. Hesabu yake ni hii: upana mara asilimia ya ubavu, mara mbili, jumlisha kipenyo cha rimu kwa milimita (inchi mara 25.4).

Tairi la kiwandani la mfano wetu, 215/45R17: 215 x 0.45 ni 96.75. Mara mbili ni 193.5. Inchi 17 ni milimita 431.8. Jumla 625.3.

Sasa linganisha:

- 225/45R17 ni 634.3, zaidi kwa asilimia 1.4.
- 215/40R18 ni 629.2, zaidi kwa asilimia 0.6.
- 225/40R18 ni 637.2, zaidi kwa asilimia 1.9.
- 225/35R19 ni 640.1, zaidi kwa asilimia 2.4.
- 235/45R17 ni 643.3, zaidi kwa asilimia 2.9.

Wengi husema mwisho ni asilimia 3. Mimi husimama kwenye 2. Gurudumu likikua, spidomita inaonyesha mwendo mdogo kuliko wa kweli, gia zinakuwa ndefu, na nafasi ndani ya fenda inapungua.

Hatua ya 5: Upana na ofseti

Hii ndiyo sehemu inayowachanganya watu kuliko zote, na ndiyo inayoharibu rimu na fenda nyingi. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso unaogusa habu ya gari, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Ikiongezeka, linaingia ndani kuelekea shokomzoba. Lakini upana nao unasukuma pande zote mbili, kwa hiyo huwezi kuisoma ofseti peke yake.

Fanya hivi. Chukua upana wa rimu kwa milimita, ugawe kwa mbili. Ukitoa ofseti unapata upande wa nje. Ukijumlisha ofseti unapata upande wa ndani.

Rimu ya kiwandani 7J ET48: inchi 7 ni 177.8, nusu yake 88.9. Nje: 40.9. Ndani: 136.9.

Rimu unayoitaka 8J ET45: nusu ni 101.6. Nje: 56.6. Ndani: 146.6.

Tofauti: inatoka nje milimita 15.7 zaidi, na inaingia ndani milimita 9.7 zaidi. Hizo ndizo namba mbili za kwenda nazo kwenye gari na rula.

Sasa jaribu 8.5J ET35. Nusu ni 107.95. Nje 72.95, ndani 142.95. Inatoka nje milimita 32, inaingia ndani 6 tu. Mtu anayeangalia shokomzoba peke yake atafurahi, kisha tairi litaanza kukwaruza fenda siku atakapobeba watu nyuma.

Kupima kwenye gari: likiwa chini kwenye sakafu iliyo sawa, simamisha rula wima ikigusa ukingo wa fenda na upime umbali hadi ubavu wa tairi. Kisha inua gari, liegemeze kwenye stendi, ingiza mkono nyuma ya gurudumu upime nafasi hadi kwenye shokomzoba na springi. Kata usukani mpaka mwisho kulia, pima. Mpaka mwisho kushoto, pima tena. Baada ya mabadiliko nataka zibaki angalau milimita 5 kati ya tairi na shokomzoba, kwa sababu tairi hupinda kwenye kona. Gari lililoshushwa linahitaji nafasi zaidi juu ya tairi.

Hakikisha pia upana wa rimu unakubaliana na tairi. Kila tairi lina kiwango chake kutoka kwa mtengenezaji: 225/45R17 hukubali rimu za inchi 7 hadi 8.5, na 245/40R18 hukubali 8 hadi 9.5. Kulitanua tairi jembamba juu ya rimu pana kwa ajili ya muonekano ni hatari. Ukingo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu ukigonga shimo ndani ya kona, na rimu haina tena mpira wa kuikinga.

Onyo kuhusu spesa, yaani kile kipande cha chuma kinachowekwa kati ya rimu na habu kulisukuma gurudumu nje: spesa nyembamba ya milimita 5 inakula uzi wa nati na mara nyingi inafunika kile kidevu cha habu kinachoibeba rimu. Kama huna budi, nunua yenye kidevu chake na studi (zile nondo za uzi ambazo nati hukazwa) ndefu zaidi. Afadhali zaidi, nunua rimu yenye ofseti sahihi.

Hatua ya 6: Matundu, tundu la kati na nati

Mpangilio wa matundu hauna "karibu sawa". 5x112 na 5x114.3 zinatofautiana milimita 2.3, na kwa kulazimisha nati zinaweza kushika. Zikishika zimekaa upande, studi zinapinda kidogo kila zamu ya gurudumu, mwisho zinakatika. Fundi akikwambia zinaingia, tafuta fundi mwingine.

Tundu la kati la rimu likiwa dogo kuliko habu, rimu haiingii. Likiwa kubwa, ambavyo ndivyo ilivyo kwa rimu nyingi za dukani, nunua pete za kujaza nafasi: kwa GT86 na rimu yenye tundu la 73.1, pete ni 73.1 kwa 56.1. Bei yake ni ndogo na zinakuondolea tatizo la mtikisiko.

Nati ndizo zinazosahaulika. Rimu nyingi za dukani zina kikalio, yaani pale nati inapokaa, cha koni ya nyuzi 60. Nati za kiwandani za Toyota nyingi ni bapa zenye washa, za Honda nyingi ni za duara, na bolti za Porsche ni za duara pia. Nati ya duara kwenye kikalio cha koni inagusa mstari mwembamba tu, na italegea. Uzi nao uangalie: M12x1.5 na M12x1.25 zinafanana kwa macho. Nati lazima iingie kwa mkono bila kulazimishwa, na ishike urefu usiopungua kipenyo cha studi. Kwa M12x1.5 ni mizunguko 8 kamili, kwa M12x1.25 ni kama 10.

Hatua ya 7: Utengenezaji, uzito na alama

Kuna njia tatu. Rimu za kumimina ni nzito zaidi na bei yake ni nafuu. Zile za kumimina kisha kukandamizwa ukingo kwa rola zikiwa za moto ni nyepesi na imara zaidi, na kwa mtu wa kawaida ndizo ninazozipendekeza. Za kufuliwa kutoka kipande kimoja cha alumini ndizo nyepesi na imara kuliko zote, na bei yake ni ya juu sana. Uliza uzito wa rimu kwa ukubwa wako hasa. Rimu nzito kuliko ya kiwandani ni hatua ya kurudi nyuma.

Tafuta uwezo wa mzigo, ambao hutajwa kwenye rimu, mara nyingi kwa kilo. Uzito wa juu unaoruhusiwa kwa ekseli nzito, ugawe kwa mbili: ekseli ya kilo 1,000 inataka rimu ya kilo 500 au zaidi. Tafuta pia alama ya JWL, kiwango cha Japani, na VIA, inayoonyesha kuwa imepimwa na chombo huru. Miundo maarufu kama TE37 ya Rays, iliyotoka 1996, ina nakala nyingi sana. Nakala inayofanana kabisa kwa sura haisemi lolote kuhusu chuma kilichomo. Ukikuta rimu ya jina kubwa kwa sehemu ndogo ya bei yake, isiyo na alama wala uwezo wa mzigo, iache hapo hapo.

Hatua ya 8: Mbele na nyuma zisizolingana

Kama gari lilitoka kiwandani na matairi mapana nyuma, liache hivyo. Porsche 911 Carrera S ya kizazi cha 992 ina 245/35R20 mbele na 305/30R21 nyuma kwa sababu injini iko nyuma. Ukilazimisha manne sawa unavuruga mizani ya gari. Kama lilitoka na manne sawa, nakushauri ubaki hivyo: unaweza kuyabadilishana mbele na nyuma, na gari linakata kona bila kusukuma pua nje.

Gari linalovuta magurudumu yote manne lina sharti zaidi. Vipenyo vya mbele na nyuma lazima vilingane kama mtengenezaji anavyotaka. Subaru wanasema mzingo wa matairi manne, yaani urefu wa kuyazunguka kwa futi, usipishane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Tairi moja jipya kati ya matatu yaliyolika linaweza kuumiza difurensha.

Hatua ya 9: Ijaribu rimu tupu

Kabla tairi halijavishwa, funga rimu peke yake mbele na nyuma, kaza nati kwa mkono kisha kidogo kwa spana. Izungushe taratibu. Tazama kati ya spoku na kalipa ya breki: nataka kuona angalau milimita 3. Tazama pia upande wa ndani wa pipa la rimu. Kata usukani pande zote mbili.

Rimu mbili zenye inchi 18 zote mbili zinaweza kutofautiana hapa, moja ikapita na nyingine ikagonga, kwa sababu umbo la spoku si moja. Duka nyingi hazirudishi rimu iliyokwisha kuvishwa tairi. Hatua hii inachukua nusu saa.

Hatua ya 10: Kufunga

1. Visha rimu matairi ukitazama mshale wa mzunguko, au maandishi ya upande wa nje na wa ndani.
2. Weka valvu mpya. Kama gari lina sensa za upepo, hamisha za zamani au nunua zinazosomana na gari lako.
3. Fanya balansi. Kwa rimu za spoti omba vyuma vya kubandika upande wa ndani.
4. Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka kutu itoke yote.
5. Weka pete, ingiza rimu, anza nati zote kwa mkono.
6. Kaza kwa kuruka, kama kuchora nyota, kwa hatua mbili. Malizia gari likiwa chini, kwa toki ya kitabu cha gari. Usipake mafuta kwenye uzi isipokuwa kitabu kimesema, na usikubali bunduki ya upepo imalizie kukaza.
7. Weka upepo. Ukubwa ukiwa sawa na wa kiwandani, fuata lebo. Ukihamia tairi la XL, yaani lililoimarishwa kubeba mzigo zaidi, usiteremshe chini ya lebo, kwa sababu XL huhitaji upepo zaidi kubeba mzigo ule ule.
8. Peleka gari alaimenti.
9. Kaza upya baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kilomita 300 za mwanzo ziende kwa upole. Tairi jipya lina uso unaoteleza, na ile sabuni ya kuvalishia bado haijakauka. Ukiondoa kwa nguvu, rimu inaweza kuzunguka ndani ya tairi na balansi yote ikapotea.

Kuhusu sheria: nchi hutofautiana. Ujerumani, kwa mfano, hutaka rimu iwe na kibali kwa gari husika. Uliza kwako, na iarifu bima.

Kama kuna tatizo

*Usukani unatikisika kati ya kilomita 80 na 120 kwa saa.* Anza na pete za katikati, kisha kutu kwenye habu, kisha balansi. Ikiendelea, hamisha magurudumu ya mbele nyuma. Mtikisiko ukihamia kitini, tatizo liko kwenye gurudumu. Ukibaki usukanini, angalia diski na viungo vya mbele.

*Tairi linakwaruza ukikata usukani mwisho.* Linagusa plastiki ya ndani au chasi. Tafuta alama inayong'aa. Plastiki unaweza kuirekebisha. Likigusa bomba la breki au shokomzoba, usiliendeshe gari mpaka ubadilishe ofseti au upana.

*Linakwaruza kwenye matuta au ukipakia watu.* Gurudumu limetoka nje mno, au gari limeshushwa mno. Inua springi kwanza. Kukunja ukingo wa fenda ni kazi ya mtu mwenye kifaa chake, rangi ikiwa imepashwa moto.

*Gari linafuata mistari na mabonde ya lami.* Tairi pana na ofseti ndogo hufanya hivyo. Hakikisha upepo na alaimenti viko sawa. Kikibaki kidogo, ndiyo tabia ya ukubwa uliouchagua.

*Gari linavuta upande mmoja.* Badilisha matairi ya mbele kulia kwa kushoto, kama hayana mshale. Likigeuka kuvuta upande wa pili, tairi ndilo lenye kasoro, lirudishe dukani.

*Tairi linalika upande wa ndani tu.* Alaimenti, hasa kwa gari lililoshushwa. Usingoje mpaka nyuzi zionekane. Huko ndani huoni bila kuinama.

*Katikati panalika zaidi ya pembeni.* Upepo mwingi. Pembeni zote mbili zikilika, upepo mchache. Pima asubuhi kabla ya kuendesha, maana upepo hupanda kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto.

*Taa ya upepo haizimiki.* Sensa haijatambulishwa kwenye gari, au masafa yake siyo. Usizibe taa. Rudi kwa aliyezifunga.

*Mlio wa tak-tak wakati wa kuondoka au kufunga breki.* Simama. Kagua nati zote kwa toki. Kama kuna iliyolegea, vua gurudumu uangalie kikalio na studi. Studi iliyolika uzi hubadilishwa, haikazwi tena.

*Uvimbe ubavuni baada ya shimo.* Nyuzi za ndani zimekatika. Hapo hapazibwi wala hapashonwi. Vua tairi hilo leo, funga la akiba, na ukiwa hapo kagua ukingo wa ndani wa rimu kwa kidole, ukizungusha mzunguko mzima, kutafuta mbonyeo au ufa.